Mkopo wa nyumba Tanzania Bara: mwongozo kamili wa kujiandaa, kuchagua benki na kukubaliwa

Karibu wote wanaonieleza kwamba wamekataliwa mkopo wa nyumba walifuata mpangilio mmoja. Walianza kwa kuipenda nyumba, wakampa mwenye nyumba kishika uchumba (fedha ya kumzuia asimuuzie mwingine), kisha wakaenda benki ile ile inayopitisha mshahara wao, na baada ya wiki kadhaa za kusubiri ndipo wakaambiwa kwamba mshahara hautoshi, au kwamba jina lao lina deni la zamani, au kwamba hati ya nyumba ina kasoro. Inaumiza zaidi kwa sababu kila moja ya kasoro hizo ingeweza kugunduliwa mapema, nyumbani, kwa kalamu na karatasi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mfuko wako, unapita kwenye madeni, na unaifikia nyumba baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa au mfanyabiashara wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na ingawa hatua za mwanzo zinafanana, zile zinazohusu hati hazifanani. Jipe miezi sita ya maandalizi. Anayeharakisha hujikuta akirudi mwanzo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha Taifa na namba ya mlipakodi. Majina yafanane herufi kwa herufi na yaliyo kwenye hati ya mshahara na akaunti ya benki. Yakitofautiana, maliza suala hilo kwa wakili sasa.
- Hati za malipo ya mshahara za miezi mitatu hadi sita ya karibuni, mkataba wa ajira na barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita hadi kumi na miwili.
- Kwa mfanyabiashara: leseni ya biashara, hesabu zilizokaguliwa, na cheti cha TRA kinachoonyesha kwamba hudaiwi kodi.
- Cheti cha ndoa, au kiapo kwamba huna mwenza.
- Orodha ya madeni yako yote, yakiwemo ya simu, ya SACCOS na ya kikoba.
- Akiba ya mchango wako wa awali, ikiwa ndani ya akaunti inayosomeka.

## Hatua ya 1: Jua kiasi unachoweza kukopa

Swali la kwanza la benki ni fedha inayobaki mkononi baada ya makato. Kwa watumishi wa umma kanuni inayofahamika ni kwamba, makato yote yakishatolewa, mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Benki nyingi hutumia kipimo hicho, au kikali zaidi, hata kwa sekta binafsi.

Chukua mfano wa mwajiriwa wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 3,600,000 ambaye bado analipa mkopo wa elimu ya juu. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 360,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vinavyotumika ninapoandika, ni 800,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 540,000. Anabakiwa na 1,900,000. Theluthi ya mshahara wake ni 1,200,000, ambayo haiguswi, kwa hiyo nafasi yake ya kulipa rejesho jipya ni shilingi 700,000 kwa mwezi.

Sasa geuza rejesho hilo kuwa mkopo. Kwa riba ya asilimia 15 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, na kwa muda wa miaka 15, kila milioni moja unayokopa hudai rejesho la takriban shilingi 14,000 kwa mwezi. Mwajiriwa wetu, kwa 700,000 zake, anaweza kukopa kiasi cha milioni 50. Angekuwa amemaliza deni la Bodi ya Mikopo, nafasi yake ingekuwa 1,240,000, na mkopo wake ungefika kiasi cha milioni 88. Mshahara ni ule ule, mwajiri ni yule yule, na tofauti ni milioni 38. Ndiyo maana namsihi kila mtu aliyebakiza deni dogo la Bodi alimalize kwanza kabla ya kupeleka maombi.

Upande wa muda, wengi huomba miaka mingi iwezekanavyo wakiamini kwamba rejesho litashuka sana. Halishuki sana. Mkopo wa milioni 80 kwa riba ya asilimia 15 una rejesho la takriban 1,120,000 kwa miaka 15, na 1,053,000 kwa miaka 20. Unapata nafuu ya shilingi 67,000 hivi kwa mwezi, lakini jumla ya fedha utakayoilipa benki inapanda kutoka milioni 201 hadi karibu milioni 253. Chagua muda mrefu endapo tu muda mfupi haukuruhusu kabisa kukubaliwa.

Kumbuka pia umri. Mkopo wa mwajiriwa hupangwa uishe kabla ya kustaafu, na umri wa lazima wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60. Mwenye miaka 48 asitarajie kupewa zaidi ya miaka 12.

Onyo: usihesabu posho, safari za kikazi au biashara ya pembeni isiyopita benki. Benki itazipuuza, na wewe mwenyewe utaumia mwezi zitakapokosekana.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba mbili zilizoandikwa: rejesho la juu kabisa unaloweza kulibeba, na mkopo unaolingana nalo.

## Hatua ya 2: Safisha kumbukumbu za madeni

Benki hutazama jina lako katika taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Omba taarifa yako mwenyewe kabla benki haijaiomba, na uisome mstari kwa mstari.

Makosa ninayoyaona zaidi ni madogo kwa kiasi na makubwa kwa madhara. Mtu alikopa shilingi 30,000 kwenye simu, akabadili laini, akasahau. Mwingine alimdhamini mwenzake wa SACCOS ambaye aliacha kulipa. Mwingine alimaliza deni lakini mkopeshaji hakupeleka taarifa, na deni bado linasomeka kama lililo hai.

Lipa kila kilichobaki, dai barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza deni, na subiri hadi taarifa ibadilike kabla ya kuomba mkopo. Ikiwa una mikopo ya kausha damu, yaani ile midogo ya riba kali, acha kabisa kuichukua katika miezi hii sita, kwa sababu afisa mikopo akiona kila mwisho wa mwezi mshahara unaingia na kutoka siku hiyo hiyo kwa wakopeshaji wadogo, atahitimisha kwamba mshahara haukutoshi, hata kama hesabu ya theluthi inakubali.

Usipitishe fedha za watu wengine kwenye akaunti yako wakati huu. Fedha kubwa isiyo na maelezo huzaa maswali, na maswali huchelewesha maombi.

## Hatua ya 3: Kusanya mchango na gharama za pembeni

Kwa kawaida benki hugharamia asilimia 80 hadi 90 ya thamani ya nyumba, nawe unaleta iliyobaki. Kinachosahaulika ni kwamba asilimia hiyo huhesabiwa kwenye bei au kwenye thamani aliyoitaja mthamini, ile iliyo ndogo. Ukikubaliana na mwenye nyumba milioni 100, mthamini akasema nyumba ina thamani ya milioni 85, na benki ikatoa asilimia 80, utapewa milioni 68. Milioni 32 zitatoka kwako.

Juu ya mchango kuna ada ya mthamini, ada ya wakili, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye uhamisho wa umiliki, ada za usajili, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya nyumba dhidi ya moto na majanga. Mimi hushauri kutenga si chini ya asilimia 5 ya bei kwa ajili ya haya yote. Muuzaji naye ana kodi ya ongezeko la mtaji ya kumalizana na TRA kabla ya uhamisho kukamilika, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi nani anailipa. Ununuzi mwingi hukwama hapo.

Onyo: usikope mchango wa awali kutoka SACCOS au kwingineko. Deni hilo litaingia kwenye makato na kupunguza mkopo uliokuwa umeuhesabu katika hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Chagua benki kwa jumla ya malipo

Tembelea benki tatu angalau. CRDB, NMB, NBC, Azania na Stanbic zote zimekuwa zikitoa mikopo ya nyumba, na ipo pia First Housing Finance, iliyoanzishwa mahususi kwa kazi hii. Uliza pia kama taasisi husika hupata fedha kupitia TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, kwa sababu benki inayotegemea amana za muda mfupi peke yake hupata shida kukukopesha kwa miaka 15 au 20.

Kila benki iulize maswali haya, na uombe majibu kwa maandishi.

Riba inakokotolewaje? Riba bapa huhesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata ukiwa umekwishalipa nusu. Riba ya salio linalopungua huhesabiwa kwenye kilichobaki tu. Riba bapa ya asilimia 9 kwa mkopo wa milioni 80 wa miaka 15 hutoa rejesho la takriban 1,044,000, sawa na riba ya asilimia 13.6 hivi ya salio linalopungua. Aliyelinganisha 9 na 13 akachagua 9 amechagua mkopo ulio ghali zaidi.

Je, riba inaweza kubadilika? Ikiwa inaweza, uliza inabadilika kwa kufuata nini, mara ngapi, na utajulishwa muda gani kabla. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza Riba ya Benki Kuu, ambayo ilianza kwa asilimia 5.5, na wapo wanaoisikia redioni wakidhani ndiyo watakayotozwa. Hiyo ni riba ya kuongoza mikopo kati ya benki zenyewe. Yako itakuwa juu yake kwa mbali. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa kawaida huwa kati ya asilimia 13 na 19. Fanya hesabu ya tahadhari: ule mkopo wa milioni 80 wa miaka 15, riba ikipanda kutoka 15 hadi 18, rejesho linatoka 1,120,000 na kufika takriban 1,288,000. Je, utaweza?

Nikitaka kulipa mapema, kuna faini? Wengi hupata kiinua mgongo, urithi au faida ya kilimo na kutamani kupunguza deni. Mkataba mwingine unaruhusu bure, mwingine unatoza.

Jedwali la marejesho liko wapi? Hili ndilo la kulinganishia. Lipate kutoka kila benki kwa kiasi kile kile na muda ule ule, jumlisha marejesho yote, ongeza ada na bima, kisha weka jumla tatu kando kwa kando. Tofauti ya asilimia 2 tu, kati ya 13 na 15, ni zaidi ya milioni 19 kwenye mkopo wetu wa milioni 80.

Kwa msomaji asiyetaka kuingia kwenye riba kwa sababu ya imani yake, zipo huduma zinazofuata sharia, kama za Amana Bank na Al Barakah ya CRDB. Katika murabaha, kwa mfano, taasisi huinunua mali na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, nawe unalipa kwa awamu. Linganisha jumla ya malipo kwa namna ile ile, na uliza kinachotokea ukichelewa kulipa.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani, bila kutazama karatasi, kwa nini umeichagua benki hiyo.

## Hatua ya 5: Kagua nyumba na hati kabla ya kutoa shilingi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Benki inahitaji dhamana inayoweza kusajiliwa kama rehani. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, hata ukiwa na mashahidi kumi na picha zao, si hatimiliki. Unaweza kuthibitisha kwamba fedha zilibadilishana mikono, lakini hauwezi kuandikishwa rehani kwa Msajili wa Hati. Leseni ya makazi nayo hutolewa kwa miaka michache, na haishiki mkopo wa miaka 15. Hati ya hakimiliki ya kimila ni umiliki halali chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ila kuihamishia kwa mtu asiye wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na benki nyingi huiogopa kwa mkopo wa nyumba. Ikiwa eneo unalolipenda halijapimwa, anza na urasimishaji, yaani eneo kupimwa na kupewa hati, na mkopo usubiri.

Ukionyeshwa hatimiliki, fanya haya kwa mpangilio huu.

1. Omba nakala, kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi hukuonyesha jina la mmiliki, miaka iliyotolewa, na kama kuna rehani au zuio. Usiridhike na upekuzi uliofanywa na dalali.

2. Hesabu miaka iliyobaki. Hati hutolewa kwa vipindi kama 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inaisha mwaka 2031, na hakuna benki itakayokupa mkopo wa miaka 15 juu yake kabla haijahuishwa.

3. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka iliyopita litasimamisha uhamisho.

4. Ikiwa mmiliki amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake liwe limeingizwa kwenye daftari la usajili. Kikao cha ukoo na muhtasari wake havitoshi. Familia ikikuambia kwamba mirathi inaendelea, waache waimalize kwanza.

5. Kwa nyumba ya ghorofani, uliza hati ya sehemu yako mahususi. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake. Ikiwa mjenzi ana hati moja tu ya kiwanja kizima, benki haina cha kushika kwa jina lako.

6. Zungumza na majirani, na uende usiku pia, na wakati wa mvua. Mthamini huja mara moja, mchana, kwenye jua.

Wanaokopa ili kujenga wanahitaji hati ya kiwanja kwa majina yao, kibali cha ujenzi, michoro, na mchanganuo wa gharama uliotayarishwa na mkadiriaji majenzi. Fedha hutolewa kwa awamu baada ya ukaguzi, kwa hiyo uwe na akiba ya kuendeleza kazi wakati awamu inayofuata bado haijaingia.

Onyo: kishika uchumba, ikibidi, kitolewe baada ya upekuzi, kwa mkataba mbele ya wakili, wenye kifungu kinachosema fedha itarudishwa benki ikikataa au hati ikionekana na kasoro.

## Hatua ya 6: Uthamini na kupeleka maombi

Mthamini awe amesajiliwa na awe kwenye orodha ya benki yako. Ukimlipa mwingine, utalipa mara mbili. Taarifa yake itakuwa na thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya haraka ambayo ni ndogo zaidi. Muulize afisa mikopo benki inatumia ipi.

Peleka nyaraka zote kwa mkupuo mmoja, pamoja na orodha yenye tarehe, na uombe isainiwe kwamba zimepokelewa. Maombi yanayopelekwa vipande vipande hukaa chini ya mengine.

## Hatua ya 7: Ridhaa ya mwenza

Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na mwombaji anawajibika kueleza kama ana mume au mke. Mwenye wake zaidi ya mmoja asimfiche yeyote. Nimesikia watu wakijaribu kuapa kwamba hawajaoa ili kuharakisha mambo. Huo ni uongo wa kiapo, na unaweza kuifikisha nyumba mahakamani wakati wa shida. Zaidi ya sheria, mwenza anayeyajua marejesho ndiye atakayekusaidia kuyalipa mwezi utakapokuwa mgumu.

## Hatua ya 8: Soma barua ya ofa

Barua ya ofa ikija, furaha ni nyingi na watu husaini hapo hapo. Ichukue, nenda nayo nyumbani, na ulinganishe na jedwali ulilopewa katika hatua ya 4. Angalia kiasi, riba na namna inavyokokotolewa, muda, ada, gharama ya bima, masharti ya kulipa mapema, na tarehe ya rejesho la kwanza. Mlipe wakili wako mwenyewe aisome. Wakili wa benki anafanya kazi ya benki.

Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki ikueleze masharti na gharama waziwazi. Usichoelezwa, uliza kwa barua. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa benki yenyewe, na usiporidhika nenda Benki Kuu.

## Hatua ya 9: Kusaini, usajili na baada yake

Baada ya mkataba kusainiwa, umiliki unahamishwa kwenda jina lako, rehani inasajiliwa, na ndipo muuzaji analipwa na benki. Usihamie wala kuanza ukarabati kabla ya kuthibitisha kwamba usajili umekamilika.

Mwezi wa kwanza hakikisha kiasi kilichokatwa ni kile kilicho kwenye jedwali. Tunza akiba ya marejesho matatu mahali pasipoguswa. Ikitokea umepoteza kazi au umeugua, nenda benki kabla hujachelewa rejesho la kwanza, kwa kuwa kupanga upya mkopo ulio hai ni rahisi kuliko kuufufua ulioharibika. Ukishindwa kulipa, sheria inaitaka benki ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na siku hizo ni za kutafuta suluhu, kwa mfano kujitafutia mnunuzi mwenyewe kwa bei iliyo bora kuliko ya mnada.

Ukimaliza deni, dai hatimiliki yako halisi pamoja na hati ya kuondoa rehani, kisha ipeleke mwenyewe kwa Msajili wa Hati na ufanye upekuzi mmoja wa mwisho, uone kwamba kwenye daftari limebaki jina lako peke yake.